Kushuka nchi kavu kwa boti ya mpira katika Antaktika: goti bovu, kutojua kuogelea, na hatua mbili za kuangaliwa

Swali: Mimi ni mama wa miaka 64. Mume wangu na mimi tumelipia safari ya meli kutoka Ushuaia, Argentina, hadi Rasi ya Antaktika mwezi Januari. Nilidhani meli itafunga gatini, kumbe huko hakuna gati, na kila kushuka hufanyika kwa boti ndogo za mpira, abiria kumi kumi. Goti langu la kulia lina maumivu ya muda mrefu na sijui kuogelea hata kidogo. Je, nishuke pamoja na wengine, au nibaki melini na darubini yangu? Na nikishuka, nijiandae vipi?

Jibu:

Shikamoo mama. Kwa maelezo uliyotoa, naona unaweza kushuka, na nakushauri ushuke, ila si kila siku wala si kila mahali. Hofu yako umeielekeza kwenye maji yaliyo kati ya meli na ufuko, jambo ambalo ni la kawaida kwa mtu asiyejua kuogelea. Lakini sisi tunaofanya kazi ya kushusha wageni tunajua kwamba zile dakika chache za kukatiza majini ndizo zenye matukio machache zaidi. Mtu akiumia, mara nyingi huwa alikuwa anaingia botini au anatoka. Ni hatua mbili za mguu, moja chini ya ngazi ya meli na nyingine ufukoni, na mwenye goti bovu anapaswa kuzifikiria hizo kuliko kina cha bahari. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hatua hizo mbili, na mengine nitayagusa kwa kadiri yanavyokuhusu.

Nianze na kuogelea, ili tulimalize. Boti hizi zina ubavu mnene wa mpira uliogawanywa katika vyumba kadhaa vya hewa, hivyo chumba kimoja kikitoboka vingine huendelea kuishikilia boti juu ya maji. Ni pana, ni bapa, na uzito wa abiria hukaa chini, ndiyo maana kuipindua si kazi rahisi. Abiria huketi juu ya ubavu, upande huu na upande ule, wakitazamana, huku mkono mmoja ukiwa umeshika kamba iliyofungwa kandokando. Mwendeshaji hukaa nyuma, kwenye tezi, penye injini. Hakuna anayesimama mpaka yeye aseme, hata kama nyangumi ameibuka upande wa pili.

Ikitokea ukaanguka majini, kujua kuogelea kungekusaidia kidogo kuliko unavyodhani. Maji ya chumvi ya huko hukaa karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, kwani hayagandi mpaka yafike takribani nyuzi -1.8, na mwili unapozamishwa ghafla katika baridi ya namna hiyo hushtuka, ukavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, hata muogeleaji hodari akameza maji. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ambaye ametafiti kwa miaka mingi jinsi mwili unavyopambana na maji baridi, hufundisha kanuni ya moja, kumi, moja: una dakika moja ya kuituliza pumzi yako, takribani dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa moja kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Katika zote tatu, kinachokuokoa ni jaketi la kuokolea maisha linalokuweka kichwa juu ya maji huku boti ikikujia, na boti huwa hapo hapo. Majaketi ya siku hizi kwa kawaida ni membamba na hujijaza yenyewe yakigusa maji. Kwa sababu hiyo huvaliwa juu ya nguo zote, kamwe si chini ya koti, maana likijijaza ndani ya koti litakubana kifua. Mikanda ikazwe mbele ya baharia anayekagua, na kama kuna mkanda wa kupita katikati ya mapaja, uvae hata kama unakukera, kwa sababu bila huo jaketi hupanda hadi masikioni na mwili ukabaki chini.

Sasa hatua ya kwanza. Meli huteremsha ngazi ubavuni mwake, au hufungua mlango ulio karibu na usawa wa maji, na boti huja kujibana hapo huku injini ikiisukuma kwenye ubavu wa meli isiondoke. Baharia mmoja husimama kwenye kibao cha chini cha ngazi na mwenzake huwa ndani ya boti. Bahari ikiwa tulivu, boti hucheza sentimita chache. Ikiwa na mawimbi, utaiona ikipanda mpaka usawa wa magoti yako kisha ikashuka mpaka ukaona inakukimbia. Hapo ndipo pa kungoja. Usikadirie mwenyewe wakati wa kukanyaga, kwa kuwa mabaharia wanaliona wimbi linalokuja nyuma yako na wewe hulioni; watakuambia “sasa”, na wasiposema unabaki ulipo, hata kama watu ishirini wamepanga foleni nyuma yako kwenye ngazi.

Mikono yako miwili iwe mitupu. Mkoba uwe mgongoni, darubini iwe ndani ya koti, fimbo ya kutembelea akabidhiwe baharia kabla hujashika ngazi. Nimewaona wageni wakifika kwenye kibao cha chini huku simu imo kiganjani, wananyoosha mkono mmoja wapokelewe. Baharia mzoefu hamgombezi mtu wa namna hiyo, ila hurudisha mkono wake nyuma na kumtazama mpaka simu iingie mfukoni. Atakapokupa mkono, usimpe kiganja. Mshike kigasha, yeye naye akushike kigasha chako, kila mmoja akiwa amemkamata mwenzake juu kidogo ya kifundo cha mkono. Viganja vilivyolowa, au vilivyovaa glavu, huteleza. Vigasha viwili vilivyofungana haviachani kwa urahisi, na hata wewe ukilegeza, yeye bado amekushika. Kisha unakanyaga juu ya ubavu wa boti, halafu kwenye kikanyagio au sakafu, unaketi papo hapo, na ukiwa umeketi ndipo unajisogeza kwa makalio kuelekea mahali utakapoonyeshwa. Mguu mmoja, kituo. Mguu wa pili, kituo. Usiruke hata kama umbali unaonekana mdogo.

Kwa goti lako kuna kanuni ambayo madaktari wa mazoezi ya viungo huwafundisha wagonjwa wao, nayo inafaa sana kwenye ngazi ya meli: unaposhuka, mguu mbovu hutangulia, unapopanda, mguu mzima hutangulia. Kwako ina maana kwamba mguu wa kulia unatangulia kila kibao ukielekea botini, na wa kushoto unatangulia kila kibao ukirudi. Mwambie baharia mapema ni goti lipi, kwa sentensi moja tu, naye atajua asimame upande gani. Miezi iliyobaki kabla ya Januari itumie kufanya mazoezi mawili ambayo daktari wako akiyaridhia yatakusaidia kuliko kitu chochote utakachonunua: kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi bila kujisukuma kwa mikono, na kupanda na kushuka ngazi moja pana taratibu, huku mwili ukiwa umesimama wima. Iwapo huwezi kabisa kusimama kwa mguu mmoja, uwe wa kulia au wa kushoto, kwa muda wa kutosha kuhamisha ule wa pili, huku umeshikwa na watu wawili, basi ushauri wangu unabadilika, na utapaswa kuzungumza na kampuni kabla ya safari badala ya kuligundua jambo hilo ukiwa ngazini.

Hatua ya pili ni ya ufukoni, na mara nyingi ni ya kushuka majini, yaani boti haifiki pakavu. Huingia kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikagusa kokoto, na waongozaji wawili au zaidi, waliovaa mavazi ya mpira yanayofika kifuani, huishika wakiwa wamesimama baharini. Abiria hutoka mmoja mmoja kuanzia mbele, huku waliobaki wakiendelea kuketi. Zamu yako ikifika unajisogeza ukiwa umeketi, unageuka, unapitisha miguu juu ya ubavu mpaka inaning’inia upande wa maji, kisha unangoja mwongozaji alisome wimbi. Likisharudi nyuma atakuambia usimame, na maji yatakufika kwenye muundi. Watu wengi huharibu hapa kwa kutaka kutoka haraka kabla ya wimbi linalofuata. Matokeo yake husimama juu ya mpira uliolowa, wakajaribu kurukia pakavu, na jiwe la kwanza wanalokanyaga lina mwani au barafu. Maji yaliyo chini ya magoti, ukiwa na gambuti, hayakudhuru chochote. Jiwe linakudhuru.

Gambuti ndizo zinazobeba siku yako nzima. Kampuni nyingi huazima zile ndefu, zinazokaribia goti, na nakusihi uzijaribu melini siku ya kwanza huku umevaa soksi utakazozitumia, wala usikubali zile “zinazotosha tu”. Kosa ninaloliona kila msimu ni kuvaa soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana, mtu akidhani kwamba wingi wa soksi ni wingi wa joto; mguu uliobanwa damu yake haizunguki vizuri, na mguu usiopata damu hupoa hata ukiufunika vipi. Soksi moja nyepesi na moja nzito ya sufu, na vidole viweze kujikunja ndani, vinatosha. Suruali isiyopenyeza maji huvaliwa nje ya gambuti, isichomekwe ndani, vinginevyo wimbi moja litatiririka moja kwa moja mpaka kwenye unyayo.

Kuhusu joto, Rasi ya Antaktika mwezi Januari si baridi ile ambayo watu huifikiria. Vipimo huwa karibu na sifuri, pengine nyuzi kadhaa juu yake. Tatizo ni upepo. Hewa ya nyuzi sifuri ikipulizwa kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa huhisiwa na ngozi kana kwamba ni nyuzi -7, na boti inayokimbia hujitengenezea upepo wake yenyewe hata siku ambayo bahari imelala. Ongeza matone ya chumvi yanayorushwa na omo. Kwa hiyo vazi la nje lisilopitisha maji wala upepo, juu na chini, ni la lazima, na ndani yake sweta zito, na karibu na ngozi nguo nyembamba za sufu au za kitambaa kinachokauka haraka. Pamba iache chumbani, kwa kuwa ikilowa jasho hukaa na unyevu huo na kukupoza. Glavu ziwe za tabaka mbili, nyembamba ndani na zisizopenyeza maji nje, ili unapotaka kufunga zipu uvue za nje tu. Kofia ifunike masikio, shingo iwe na kitambaa kinachoweza kuvutwa mpaka puani. Usisahau miwani ya jua na losheni ya kukinga ngozi: theluji mpya hurudisha sehemu kubwa sana ya miale ya jua, na watu huungua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, mahali ambapo hawakupata kufikiria kupaka.

Vaa kwa mpangilio na kwa wakati wake. Nenda msalani kwanza, kwa kuwa ufukoni hakuna choo wala hairuhusiwi kujisaidia, na kulivua vazi hilo lote katikati ya safari haiwezekani. Koti zito lifunge unapoitwa, si nusu saa kabla. Ndani ya meli kuna joto, na anayetokwa jasho ukumbini ndiye anayetetemeka botini.

Kuna kanuni za huko ambazo zinakuhusu kwa namna ya pekee kwa sababu ya goti. Waendeshaji wengi wa safari hizi ni wanachama wa IAATO, chama cha kimataifa cha waendeshaji wa utalii wa Antaktika kilichoundwa mwaka 1991, na kanuni zake zinasema kwamba wasizidi abiria 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja, na kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Pengwini humkaribii kwa umbali ulio chini ya mita 5. Yeye akikujia, unasimama. Hupeleki chakula. Kabla na baada ya kila kushuka unasafisha gambuti na kuzitia dawa, na siku za mwanzo mifuko ya koti lako itakaguliwa isije ikabeba mbegu kutoka ulikotoka. Kubwa kwako ni hili: homa ya mafua makali ya ndege iligunduliwa katika kisiwa cha South Georgia mwezi Oktoba 2023 na ikathibitishwa katika bara lenyewe la Antaktika mwezi Februari 2024, na tangu tishio hilo lilipoanza wageni hawaruhusiwi kuketi, kupiga magoti, kulala, wala kuweka mkoba chini penye wanyama au kinyesi chao. Mtu aliyezoea kupumzisha goti lake kwa kukaa kwenye jiwe atakuta jiwe lipo na ruhusa haipo.

Lakini boti haziondoki zikarudi mara moja tu. Huendelea kwenda na kurudi muda wote wa kushuka, na ukimwambia mwongozaji aliye ufukoni kwamba umechoka, utapandishwa katika inayofuata, hata kama umekaa nchi kavu dakika ishirini. Zaidi ya hayo, kwa kuwa idadi ya walio nchi kavu ina kikomo, meli zenye abiria wengi huwagawa: kundi moja hutembea ufukoni huku jingine likizungushwa kwa boti kati ya milima ya barafu inayoelea. Omba kabla ya siku kuanza kwamba mahali pagumu uwe katika mzunguko wa boti peke yake. Kwa maoni yangu mzunguko huo mara nyingi ni bora kuliko kushuka. Sili huonekana akiwa amelala juu ya kipande cha barafu, na goti lako limeketi.

Mahali pagumu ni wapi? Waongozaji watakueleza jioni ya kila siku, nawe uliza maswali matatu: tunashukia majini au pakavu, ardhi ni mchanga au mawe, na kuna kupanda? Whalers Bay, ndani ya kisiwa cha Deception, ni ufuko mpana wa mchanga mweusi wa volkano, ndani ya ghuba iliyozungukwa pande karibu zote, na kwa mtu kama wewe ni mahali pazuri pa kuanzia ikiwa ratiba inaruhusu. Port Lockroy, ambako kuna makumbusho na posta katika kituo cha Waingereza cha mwaka 1944, ni padogo na pana miamba yenye kinyesi cha pengwini, rangi ya waridi, kinachoteleza kuliko barafu. Neko Harbour kuna jambo jingine: mto mkubwa wa barafu unaishia kwenye maji ya ghuba, na kipande kikikatika huleta wimbi linalopanda ufuko mzima baada ya muda mfupi. Waongozaji hapo huwaondoa watu kwenye ukingo wa maji mara wanaposhuka, na kukimbia hatua kadhaa juu ya kokoto ndicho kitu ambacho goti lako halitakubali. Ukishuka Neko, panda mara moja mpaka watakapokuonyesha, na upigie picha zako huko juu.

Picha zenyewe hazina mengi. Betri huisha haraka kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Na kamera iingie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kabla hujarudi melini, ili unyevu wa hewa ya melini utande juu ya mfuko badala ya kwenye lenzi.

Mwisho, siku ya kukataa. Mkuu wa msafara atafuta kushuka bila huruma upepo ukizidi, na hapo huna la kuamua. Ila kuna siku za katikati, ambapo vijana wanashuka wakicheka na boti inacheza nusu mita na zaidi kwenye ngazi. Siku hizo simama juu, tazama watu watano wakiingia, na kama huoni mwili wako ukifanya wanachofanya, geuka urudi. Hakuna atakayekuuliza. Vilevile usishuke siku ambayo dawa ya kichefuchefu imekulevya usingizi. Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, huchukua takribani siku mbili kuuvuka na wengi humeza vidonge vyao vya kwanza huko, wakati ingefaa dawa hiyo waijaribu nyumbani ili wajue inawafanyaje.

Kabla ya yote hayo, kampuni itakutumia fomu ya afya. Wengi huijaza kwa kujipendelea wakiogopa kuzuiwa. Andika goti, andika umri, andika kwamba hujui kuogelea, na uandike dawa zote unazotumia. Kisha uwaulize kwa maandishi meli hiyo inapakia abiria kwa ngazi au kwa mlango wa usawa wa maji, ngazi ina vibao vingapi, na kama wana fimbo za kutembelea za kuazima. Bima iwe inayogharimia kusafirishwa kwa dharura kutoka Antaktika kwa jina lake, kwa sababu bima nyingi za kawaida za safari haziendi huko.